UCHAMBUZI: Simu ya Mkononi Katika Vita Dhidi ya Sigara za Kielektroniki

Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini Marekani mwaka 2024 ulibaini kuwa wanafunzi milioni 1.63 wa shule za kati na za sekondari, sawa na asilimia 5.9, walikuwa wakivuta sigara za kielektroniki. Idadi hiyo imeshuka kutoka milioni 2.13 mwaka 2023. Hata hivyo, zaidi ya robo ya wavutaji hao huvuta kila siku, dalili kwamba nikotini imekwisha kuwatawala.

Njia za kuwanusuru ni chache. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo haijaidhinisha dawa za kuacha nikotini kwa walio chini ya miaka 18. Aidha, kijana anayevuta kwa siri huogopa kumweleza mzazi au mwalimu. Ndiyo maana simu, ambayo haimbani kijana kwa maswali wala kumkaripia, imepewa nafasi.

Taasisi ya Truth Initiative ilianzisha mwaka 2019 huduma ya bure iliyoitwa This is Quitting. Kijana hupokea ujumbe mfupi unaolingana na umri wake na siku aliyopanga kuacha, na anapozidiwa na hamu huomba msaada papo hapo. Serikali ya nchi hiyo nayo, kupitia Taasisi ya Taifa ya Saratani, ilitoa programu ya simu janja iitwayo quitSTART.

Je, ujumbe huo unasaidia? Matokeo ya utafiti uliohusisha vijana 1,503 wenye umri wa miaka 13 hadi 17, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionesha kuwa baada ya miezi saba asilimia 37.8 ya waliopata huduma hiyo walisema wameacha, ikilinganishwa na asilimia 28 ya wasioipata. Hiyo ni nyongeza ya vijana takriban kumi katika kila mia, kwa gharama ndogo.

Lakini takwimu hizo pia zinaonya: zaidi ya nusu ya waliosaidiwa hawakuacha, na matokeo yanategemea maelezo ya vijana wenyewe. Isitoshe, washiriki wote walikuwa tayari wanataka kuacha. Kwa hiyo, simu ni msaada tu, si mbadala wa sheria. Tangu Desemba 2019 Marekani imepiga marufuku kuwauzia bidhaa za tumbaku walio chini ya miaka 21. Sheria humzuia kijana asianze. Ujumbe humsaidia aliyekwisha kunaswa. Kimoja bila kingine hakitoshi.