Simu ikiibiwa, jina la mkimbizi lisiende nayo

Mjini Goma, simu ikinyakuliwa mkononi mwa mtu aliyepanda motari, swali la kwanza la majirani ni moja: ilikuwa ya bei gani? Mwenyewe anajibu dola 60 ao dola 80, watu wanatikisa kichwa, anapewa pole, mambo yanaishia hapo. Swali hilo linapima hasara ndogo. Simu yenyewe, hata kwa shida, hununuliwa tena. Kilichomo ndani ndicho hakiuzwi katika duka lolote.

Kwa familia iliyokimbia vita kutoka Masisi ao Rutshuru, humo ndani mna karibu kila kitu kilichobaki. Kadi ya mpiga kura ilisahaulika nyumbani ao iliungua pamoja na nyumba. Picha yake imo kwenye simu. Jetoni ya msaada, karatasi ya chanjo ya mtoto, diploma ya kijana, hati ya shamba, vyote vilipigwa picha siku ya kuondoka. Namba ya ndugu aliyebaki upande wa Minova hakuna anayeijua kwa kichwa. Tangu benki za Goma zifunge milango mwisho wa Januari 2025, hata mfuko umehamia humo: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Kisha Februari ya mwaka ule ule kambi kubwa za pembeni ya mji zikavunjwa, familia zikatawanyika katika makanisa, kwa jamaa, na wengine wakarudi kwenye vijiji walikotoka. Leo shirika likimtafuta mtu aliyeandikwa kwa ajili ya msaada, linapiga simu. Namba ikipotea, mtu huyo anakuwa kama hakuandikwa.

Ndiyo maana inashangaza kuona jinsi simu hiyo hiyo inavyoachwa wazi.

Wengi wanaamini kode ya kioo inatosha. Haitoshi. Mwizi mzoefu hapotezi wakati kupambana na kioo. Anatoa kadi ya SIM, anaitia katika simu nyingine, na dakika ile ile yeye ndiye mwenye namba. Anafungua WhatsApp upya, kode inakuja kwa meseji, anaingia. Kisha anaandika kwa watu walewale anaowaona katika magrupu: "Yaya, niko hospitali, nitumie dola 50, nitarudisha kesho." Yaya anatuma, maana namba ni ya mdogo wake. Mdogo wake, wakati huo, bado anahangaika sokoni akiulizia nani aliona simu yake.

Mlango huo unafungwa kwa kitu ambacho kimo katika kila simu, hata ile ndogo ya vifungo, na hakilipishwi hata franga moja: kode ya kadi ya SIM. Kwa simu zilizo katika Kifaransa inapatikana ndani ya Paramètres, upande wa Sécurité, penye maneno Verrouillage de la carte SIM. Ikiwashwa, SIM ikitiwa katika simu nyingine inaomba kode kwanza. Kukosea mara tatu kunaifunga, na hapo inahitajika namba ndefu iitwayo PUK, ile iliyoandikwa kwenye plastiki ambayo SIM ilitoka nayo, plastiki ambayo karibu kila mtu aliitupa siku ile ile. Kampuni ya simu inaweza kuitoa tena. Kukosea PUK mara kumi kunaua SIM kabisa, kwa hiyo mtu asijaribu-jaribu. Kode ya kwanza mara nyingi ni 0000 ao 1234, na kuiacha hivyo ni kufunga mlango na kuacha ufunguo ukining'inia.

WhatsApp nayo ina kode yake ya tarakimu sita, tofauti na ile inayokuja kwa meseji. Iko katika mipangilio ya akaunti, kwenye uhakikisho wa hatua mbili. Mwenye kuiweka, mwizi hata akiwa na SIM mkononi anakwama hapo.

Lakini hatari kubwa zaidi katika mitaa ya Goma haianzi na mwizi. Inaanza pale kabine. Mama anataka kutoa dola 20, kusoma kunamsumbua kidogo, anampa kijana wa kabine simu nzima kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti, watu watano wakiwa kwenye mstari nyuma yake. Kijana huyo anaweza kuwa mwaminifu kuliko padri. Wale watano hakuna anayewajua. Wengine wameandika namba hiyo kwa kalamu ndani ya kifuniko cha simu, kwa sababu simu ni moja na inatumiwa na baba, mama, shangazi na mtoto mkubwa. Hapa si haki kuwacheka. Simu moja kwa familia nzima ni hali ya vita, si uzembe. Ila mtu mmoja tu wa familia ndiye anayepaswa kujua namba ya pesa, na aibonyeze mwenyewe, hata polepole, hata mstari ukinung'unika.

Halafu kuna pa kuchajia. Familia isiyo na umeme inaacha simu kwa mwenye paneli ya jua tangu asubuhi hadi jioni, pamoja na zingine thelathini juu ya meza moja, SIM ikiwa ndani na kioo kikiwa hakina kode. Hakuna anayeacha mfuko wake wa pesa kwa mtu asiyemjua kwa saa nane. SIM na kadi ya memori vinatoka kwa sekunde chache na vinaingia katika kitambaa cha mama. Simu inachaji vizuri bila hivyo. Kadi ya memori hasa: picha zilizomo zinasomeka katika simu yoyote nyingine bila kuulizwa kode yoyote, labda tu kama mwenyewe aliifunga kwa makusudi. Picha za vitambulisho hazifai kukaa humo. Za msichana alizompigia mchumba wake hazifai zaidi. Vijana wamekwisha kuona namna picha kama hizo zinavyogeuzwa kuwa vitisho vya kudai pesa.

Na kuna jambo linalosemwa kwa sauti ndogo. Ujumbe wa sauti kuhusu nani alipita wapi usiku, nani alikimbilia kwa nani, ukiangukia katika mikono mingine katika nchi yenye vita, haupotezi pesa, unapoteza watu. WhatsApp inaruhusu ujumbe kujifuta wenyewe baada ya saa 24, siku 7 ao siku 90. Magrupu ya familia yangefaa kuwa ya kwanza kulitumia.

Nakala za vitambulisho zitumwe kwa ndugu mmoja anayeaminika aliye mahali penye utulivu, na namba tano za muhimu ziandikwe kwenye karatasi. Karatasi haina betri. Kwenye karatasi hiyo hiyo iandikwe IMEI, zile tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#, kwa sababu ndizo zinazothibitisha kuwa simu fulani ni ya mtu fulani. Simu ya Android inaweza pia kufungwa ao kufutwa kutoka mbali kupitia akaunti ya Google, ikiwa imewashwa na ina intaneti. Ajabu ni kwamba wengi walifunguliwa akaunti hiyo na muuzaji siku ya kununua simu. Neno la siri analo muuzaji, mwenyewe halijui.

Siku simu inapoibiwa, kazi ya kwanza si kumfuata mwizi. Ni kuomba simu ya jirani, kuita kampuni na kudai namba ifungwe pamoja na pesa zake, kisha kuwaambia jamaa wasitume kitu. SIM mpya yenye namba ile ile ikipatikana, WhatsApp ikifunguliwa kwayo, mwizi anatolewa nje.

Ila hapo ndipo mkimbizi wa ndani anapogonga ukuta. Ili apewe SIM ile ile, anaombwa kitambulisho. Kitambulisho chake kilikuwa picha. Picha ilikuwa ndani ya simu. Simu imeibiwa. Wakongomani wanakumbuka kwamba tangu 2020 walikatwa inite kwa jina la RAM, daftari la simu lililoahidi kupambana na wizi na simu bandia, hadi likafutwa 2022 baada ya malalamiko ya nchi nzima. Tangu Machi 2023 kuna pia sheria ya mambo ya kidijitali inayozungumzia ulinzi wa data ya mtu binafsi. Pesa zilitolewa, maneno yameandikwa, na mama wa Masisi bado anarudishwa kutoka kwenye dirisha la kampuni kwa kukosa karatasi.

Hilo haliwezi kutatuliwa na kode ya SIM. Makampuni ya simu yana namba, yana tarehe ya kuandikisha, yanajua ni namba zipi mtu alipigia wiki iliyopita. Maswali matatu yanatosha kumtambua mwenyewe. Mashirika ya misaada nayo yana orodha zenye jina, picha na mara nyingi alama ya kidole ya watu hao hao. Yakikubali kutoa karatasi moja yenye muhuri inayosema mtu huyu ndiye mwenye namba hii, na makampuni yakikubali kuipokea, mtu aliyeibiwa Jumatatu angekuwa amerudishiwa namba yake Jumanne, kabla ugawaji mwingine wa msaada haujampita.