Uvimbe wa taya kwa watoto usipuuzwe

Mtoto wa miaka sita anapong'oka jino la mbele, mzazi hufurahi kwa sababu mwanawe anakua. Lakini magego yanapolegea, nayo taya ikavimba na kuzidi kuvimba siku baada ya siku, hapo pana hatari. Aghalabu jamaa husema ni jino bovu au matubwitubwi, na wengine hunong'ona kuhusu uchawi. Wakati huo ugonjwa haungoji.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya Burkitt, na sisi wa Afrika Mashariki hatuna udhuru wa kutoujua, kwa maana ulichunguzwa hapa kwetu. Mnamo 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba mataya yote. Mwaka uliofuata aliueleza ulimwengu ugonjwa huo. Baadaye ilibainika kwamba umeenea penye joto na mvua nyingi, na ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Mnamo 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza jijini London kwamba wameona kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Ndicho kiitwacho leo kirusi cha Epstein-Barr.

Kirusi hicho huenezwa kwa mate, na takriban watu wazima wote duniani wanacho bila kudhurika. Mbona basi kiwaangamize watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa Pwani? Jibu kubwa ni malaria. Mtoto auguapo malaria mara kwa mara, kinga yake hulemewa, na seli nyeupe za damu zilizobeba kirusi huzaana ovyo. Moja ikiingiwa na hitilafu katika kromosomu zake, saratani huanza. Ikishika taya, huula mfupa unaoyashikilia meno, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu.

Kinachosikitisha ni kwamba saratani hii inatibika. Katika nchi tajiri, takriban watoto tisa kwa kila kumi hupona kwa dawa. Kwetu wanaopona ni wachache mno, kwa kuwa wengi hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, na wengine huacha matibabu katikati kwa kukosa nauli.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Yeye huziona nyuso za watoto kila asubuhi, na anaweza kutambua mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote. Akiona taya iliyovimba, amwite mzazi siku hiyo hiyo na kumhimiza aende hospitali kubwa, asiridhike na kung'olewa jino. Nanyi wanafunzi, msimtenge mwenzenu, kwani saratani haiambukizwi kwa kuketi dawati moja.

Serikali nayo ina deni. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwaka 2019 katika Kaunti ya Homa Bay. Hiyo pamoja na vyandarua ni ngao ya taya za watoto pia, wala haifai kukosekana kijijini kwa visingizio vya bajeti. Dawa za saratani nazo zisogezwe karibu na wanaozihitaji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unaonekana usoni mwa mtoto, mchana kweupe.