Mhandisi Kushika Usukani wa Chuo Kikuu: Hasara Iko Wapi?

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala uliowasha moto ukumbini. Hoja ilikuwa hii: mhandisi akipewa uongozi wa chuo kikuu, taifa limepata hasara mara mbili. Waliopendekeza walidai eti tutakosa barabara kwa kuwa mjenzi amekalia kiti cha ofisi, na chuo nacho kitakosa kiongozi kwa kuwa mtu wa saruji na kokoto hajui kuongoza watu. Walipigiwa makofi si haba na wakashinda kwa kura. Mimi nilipinga siku ile na leo ninapinga tena kwa kalamu, kwani wingi wa makofi si ushahidi.

Shahidi wangu wa kwanza anatoka Marekani. Huko mkuu wa chuo kikuu huitwa rais, cheo ambacho hapa kwetu hukaribiana na kile cha Makamu wa Chansela. Jina lake ni G. Wayne Clough. Alizaliwa mwaka wa 1941 katika mji mdogo wa Douglas, kusini mwa jimbo la Georgia. Alisomea uhandisi wa ujenzi, yaani ule wa barabara, madaraja na mabwawa, katika chuo cha Georgia Tech mjini Atlanta. Shahada ya kwanza aliipata mwaka wa 1964, ya pili mwaka wa 1965, kisha akaenda Berkeley, California, alikopata uzamifu mwaka wa 1969.

Sasa hapo tazama fani aliyoichagua. Yeye alijikita katika mambo ya udongo na misingi. Mtu akipita jijini hulisifu jumba refu na vioo vyake. Nani husimama akausifu udongo ulio chini? Lakini udongo ukikataa, jumba zima huenda chini. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na bwana huyu aliinama kwelikweli.

Wala hakurukia kiti. Alifundisha katika vyuo vya Duke, Stanford na Virginia Tech. Huko Virginia Tech aliongoza kwanza idara ya uhandisi wa ujenzi, halafu kitivo kizima cha uhandisi. Mwaka wa 1993 akawa mkuu wa taaluma katika Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka wa 1994 akarudi Georgia Tech akiwa rais. Alikuwa mtu wa kwanza aliyesoma chuoni humo kukabidhiwa kiti hicho. Hebu piga hesabu: tangu uzamifu hadi urais ni miaka 25! Ngazi aliipanda kidato kwa kidato, si kwa kubebwa.

Je, alipofika juu aliacha ujenzi? La hasha! Katika miaka yake 14 wanafunzi waliongezeka kutoka takriban 13,000 hadi zaidi ya 18,000. Chuo chake kilikuwa kimetengwa na sehemu ya katikati ya mji na barabara kuu pana yenye magari usiku na mchana. Mwaka wa 2003 chuo kilifungua majengo mapya ng'ambo ya pili ya barabara hiyo, na kufikia mwaka wa 2007 daraja lililounganisha pande hizo mbili lilikuwa limepanuliwa na kupandwa nyasi na miti. Mtu hupita juu kwa miguu kana kwamba barabara haipo chini yake.

Na wale wanaolia kwamba taifa humpoteza mhandisi, wanasemaje kuhusu mwaka wa 2005? Kimbunga Katrina kiliupiga mji wa New Orleans, kingo za kuzuia maji zikabomoka na mji ukafurika. Clough, akiwa bado rais wa chuo, aliongoza kamati ya wataalamu iliyochunguza ulinzi wa mji huo dhidi ya vimbunga. Kiti cha ofisi hakikumfutia elimu yake.

Hata hivyo, kazi yake ninayoienzi zaidi haikuhitaji mfuko hata mmoja wa saruji. Mwaka wa 2007 chuo chake kilianzisha mpango wa kuwawezesha watoto wa familia maskini za jimbo la Georgia kumaliza shahada bila kudaiwa. Sisi tunaolijua jina la HELB hata kabla ya kumaliza shule, hilo si jambo dogo. Nalo pia ni daraja, tena la maana kuliko lile la nyasi na miti.

Huenda mtu akaniambia, "Hayo ni ya Wamarekani. Ya hapa je?" Basi shahidi wangu wa pili yu hapa nyumbani. Profesa Francis Gichaga ni mhandisi wa ujenzi aliyebobea katika barabara. Mwaka wa 1988 kitabu chake kuhusu uhandisi wa barabara katika nchi za joto, alichoandika pamoja na N. A. Parker, kilichapishwa. Kuanzia mwaka wa 1991 hadi 2002 alikuwa Makamu wa Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waulizeni walimu wetu waliosoma miaka hiyo: migomo ilikuwa mingi, na kufungwa kwa vyuo lilikuwa jambo la kawaida. Kukishika kiti kile kwa miaka 11 hakukuwa lelemama.

Lakini sitaki kumpamba mhandisi kama bi harusi. Mwaka wa 1998, wakati wa Profesa Gichaga, chuo hicho kilianza mpango sambamba wa wanafunzi wa kujilipia karo. Wapo wanaousifu kwa kuwapa nafasi vijana ambao wangeachwa nje. Wapo wanaoulaumu kwamba mlango ulifunguliwa kwa mwenye pesa, maskini akabaki akichungulia dirishani. Mimi naona pande zote mbili zina lao. Ndiyo maana nasema kiongozi wa chuo asipimwe kwa somo alilosomea, awe mhandisi, daktari au mwanahistoria. Tumpime kwa maswali mawili: je, alianzia chini kazini mwake? Na je, daraja alilojenga, ni nani wanaovuka?

Wanafunzi wenzangu, jambo hili si la watu wazima pekee. Humu shuleni kuna wanaosema, "Mimi ni wa fizikia, insha ni za kina fulani." Wengine nao wamekwisha kuamua kwamba hesabu ni adui na uongozi ni wa wenye midomo mitamu. Wote wamejijengea kuta mapema mno. Unadhani Clough aliwashawishi vipi wafadhili, maprofesa na wazazi? Kwa namba peke yake? Kwa maneno, ndugu zangu! Alipotoka Georgia Tech mwaka wa 2008 alienda kuongoza taasisi ya Smithsonian, yenye majumba mengi ya makumbusho na bustani ya wanyama, hadi mwaka wa 2014. Mwaka wa 2019 akachapisha kitabu kuhusu vitu vya kwao Georgia vilivyohifadhiwa humo. Mtu wa udongo huyo, kalamu mkononi!

Kwa hivyo, wewe mwenye ndoto ya kujenga madaraja, usiitupe lugha. Nawe mwenye ulimi wa dhahabu, usiikimbie hesabu. Na siku hoja ile itakaporudi ukumbini, tafadhali msipige makofi kabla ya kuuliza ushahidi. Naomba kutoa hoja.