Njia Moja, Hisabu Mbili

Watu wawili hutoka nyumbani pamoja, wakaenda bega kwa bega, na wakarejea pamoja. Mmoja amefunga saa mkononi, wa pili ametia simu mfukoni. Wafikapo mlangoni, saa yasema kilomita 5.2, na simu yasema 4.9. Hapo ndipo maneno yaanzapo. Mwenye simu hudai kuwa saa ya mwenziwe yampendelea mwenyewe. Naye mwenye saa hujibu kuwa simu hiyo ni mbovu. Likiwa baina ya marafiki, jambo hili huishia katika mzaha. Lakini likiingia baina ya mzee aliyeagizwa na daktari kutembea na mwanawe amwangaliaye, au baina ya kijana na mwalimu wake wa mbio, huweza kumfanya mtu mkweli adhaniwe mwongo. Kwa hivyo tumeona ni bora mwezi huu tueleze asili ya khitilafu hii.

La kwanza kujulikana ni hili: hapana hata kimoja katika vyombo hivi kiipimacho njia yenyewe. Fundi cherehani hulaza futi yake juu ya kitambaa. Saa na simu haziigusi ardhi kamwe. Kazi yao ni kusikiliza. Juu yetu, kiasi cha kilomita 20,200, huzunguka setilaiti za Marekani zijulikanazo kwa jina la GPS; na Urusi, Uchina na nchi za Ulaya nazo zina setilaiti zao za namna hiyo. Kila setilaiti hutangaza bila ya kukoma mahali ilipo na wakati ulivyo. Chombo chetu hutazama ujumbe huo umechukua muda gani njiani, na kwa kuzisikia setilaiti nne au zaidi hukadiria mahali tuliposimama. Mawimbi hayo huenda kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hata kosa la sehemu moja katika milioni ya sekunde huwa ni kosa la mita 300. Basi tusistaajabu chombo kikikosea kwa mita chache. La kustaajabisha ni kuwa hukosea kwa chache tu. Simu njema, chini ya mbingu iliyo wazi, hukosea kwa kawaida kiasi cha mita 5.

La pili ni namna masafa yanavyopatikana. Mfano wake ni mtu atakaye kujua urefu wa ufuo wenye kupinda, akachomeka vigingi kandokando yake na kuvifunga kamba kutoka kimoja hadi kingine, kisha akaipima kamba. Akiviweka vigingi mbali mbali, kamba itakata kila pindo, na ufuo utaonekana mfupi. Akiviweka karibu karibu, lakini kwa mkono unaotetemeka, kimoja kushoto na kimoja kulia, kamba itakwenda upogo upogo, na ufuo utaonekana mrefu kuliko ulivyo. Saa na simu hufanya vivyo hivyo. Kuna iwekayo alama kila sekunde moja, na kuna ingojayo sekunde kadhaa ili isimalize betri. Ya kwanza huelekea kuzidisha, ya pili huelekea kupunguza, khasa katika njia ya kona nyingi. Ndiyo sababu mtu huweza kusimama kivulini kungoja magari yapite, na chombo chake kikamhisabia hatua ambazo hakuzipiga: mguu umetulia, lakini alama zahamahama.

Watengenezaji wayajua haya yote, na kila mmoja ameitia programu yake kanuni za kusafisha hisabu: alama ipi itupwe, mpindo upi unyooshwe, na mtu akisimama kwa muda gani hisabu isite. Kanuni hizo si moja. Zaidi ya hayo, vyombo vingi vina kihisio cha mtikisiko ndani yake. Mawimbi yakififia, huhisabu hatua na kuzizidisha kwa urefu wa hatua unaodhaniwa kuwa ni wa mwenyewe. Naye mwenyewe akichoka na kufupisha hatua, hisabu huharibika. Na pahali chombo kilipo pana athari yake: simu iliyo mfukoni huzuiwa na mwili upande mmoja, na saa iliyo mkononi huyumba pamoja na mkono.

Yote haya huzidi penye majumba marefu, kwani mawimbi hugonga kuta na kurudi, yakafika yamechelewa, na chombo kikadhani setilaiti iko mbali zaidi. Mji wa Chicago ni mashuhuri kwa jambo hili. Katika marathoni ya mji huo, saa za wakimbiaji huwaonyesha mara kwa mara kuwa wamekatiza majumba na kuruka mitaa. Lakini ni katika mji huo huo, mwezi wa Oktoba 2023, ndipo marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alipokimbia kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, ukawa ni wakati bora wa dunia. Hapana aliyeitafuta saa ya mkononi mwake ili kuuthibitisha urefu wa njia ile. Njia ilikwisha pimwa kabla yake.

Hupimwaje? Kwa baiskeli. Mpimaji huipitisha baiskeli yake kwanza juu ya urefu ulio yakini, uliopimwa kwa utepe wa chuma, ili ajue gurudumu lazunguka mara ngapi. Kisha huifuata njia ya mbio kwa mstari mfupi kabisa awezao mkimbiaji kuupita, sentimita 30 kutoka ukingoni mwa kila kona. Juu ya hayo, huongezwa mita 1 kwa kila kilomita, ili njia isije ikapungua hata kidogo. Kwa hivyo marathoni ya kilomita 42.195 huongezewa kiasi cha mita 42. Na kwa kuwa mkimbiaji wa kawaida hawezi kuufuata mstari ule katika umati wa watu, miguu yake hukimbia zaidi ya masafa yaliyotangazwa, hata kama saa yake haikukosea.

Wala tusidhani kuwa mpimaji hakosei. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa marathoni ya mji wa Manchester, Uingereza, ilikuwa imepungua mita 380 katika miaka ya 2013, 2014 na 2015. Maelfu ya watu waliokwisha jivunia nyakati zao waliambiwa kuwa hawakukimbia marathoni kamili. Ni khabari ya kuhuzunisha. Lakini ina funzo. Kosa lile liliweza kugunduliwa kwa kuwa palikuwapo njia iliyo wazi na kanuni iliyo wazi, na mtu mwingine akaweza kuipima upya. Kipimo cha kutegemewa si kile kisichokosea kamwe, bali ni kile ambacho kosa lake laweza kutafutwa na kuonekana.

Basi mwenye kutembea au kukimbia na afanye haya. Asianze mpaka chombo chake kimekwisha zipata setilaiti. Ashikamane na chombo kimoja, na ailinganishe hisabu ya leo na ya jana ya chombo hicho hicho, wala si na ya jirani. Atakaye yakini zaidi na aende katika uwanja wa riadha, ambako mzunguko wa ndani kabisa ni mita 400. Lakini akumbuke kuwa mzunguko wa njia ya nane ni kiasi cha mita 453, hata wawili waliozunguka ubavu kwa ubavu hawakwenda sawa. Na kwa mzee aliyeagizwa kutembea, mara nyingi ni afadhali kuhisabu dakika kuliko kilomita. Kwani nusu saa ni nusu saa, ukutani na mkononi.

La mwisho ni adabu baina yetu. Zamani, wenye maduka wawili walipokhitilafiana katika pishi, watu walizitazama pishi kwanza kabla ya kuwatuhumu wauzaji. Nasi tufanye hivyo. Mtoto akisema amekimbia kilomita 5, na simu ikasema 4.8, tofauti hiyo si ushahidi wa uwongo. Ni tabia ya kipimo. Thamani ya neno la mtu ni kubwa kuliko mita 200 za chombo kinachokisia.