Na Yule Mwingine Aliitwa Nani?

Nimeahirisha kuandika hili mara nyingi kwa sababu linanihusu mwenyewe, na sisi waandishi wa magazeti ni hodari wa makosa ya wenzetu. Leo niseme langu.

Mei 2024 nilipewa habari ya Cheruiyot Kirui niifupishe. Wengi mnaikumbuka. Mkenya, miaka 40, mfanyakazi wa benki, alikwenda kupanda Everest bila oksijeni ya chupa. Tena hakuwa mtu wa kubahatisha: mwaka 2023 alikuwa ameshapanda Manaslu, huko huko Nepal, mita 8,163, bila chupa vilevile. Lakini Everest ni mita 8,848, na kule juu kila pumzi inakupa kama theluthi moja tu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni Dar. Asubuhi ya Mei 22 mawasiliano yakakatika. Mwili wake ulikutwa karibu kabisa na kilele, na familia ikaamua uachwe mlimani, kwa sababu kuwatuma watu kuufuata kungehatarisha maisha yao.

Nafasi niliyopewa ilikuwa maneno 200. Nikakata hapa, nikakata pale. Palipoandikwa Nawang Sherpa, Mnepali aliyekuwa naye, nikaweka "na sherpa wake". Kwa herufi ndogo. Mhariri hakuuliza kitu, gazeti likatoka.

Jumapili nikaenda kumsalimia baba mdogo. Amebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi, njia ya Machame, na goti lake moja sasa halikunji vizuri. Akaisoma habari yangu taratibu, kidole kikifuata mistari. Kisha akauliza:

"Na huyu mwingine aliitwa nani?"

"Yupi, baba?"

"Huyu aliyekuwa na mteja."

Jamani, niliona aibu. Jina nilikuwa nalijua! Nililikata kwa mkono wangu.

Kwanza, Sherpa si cheo. Ni watu, wana lugha yao na vijiji vyao huko milimani, na wengi wao hutumia jina hilo la kabila kama jina la ukoo. Kuandika "sherpa wake" ni sawa na mtalii kuandika kwamba alifika Uhuru "na mchagga wake". Tungemrukia, na tungekuwa na haki.

Pili, taarifa zilizotoka kambini zilisema Nawang ndiye aliyewajulisha walio chini kwamba mteja wake haonekani kuwa katika hali ya kawaida, anakataa kugeuka na anakataa chupa. Tafakari hapo. Kirui alichagua namna yake ya kupanda, na sina neno baya juu yake. Waliomwita mjinga mitandaoni hawajawahi kujaribu kitu kigumu. Ila Nawang alikuwa kazini. Angeweza kushuka. Hakushuka, na hakurudi.

Najua jibu la chumba cha habari, maana nimelitoa mwenyewe mara kadhaa: msomaji anataka habari ya mtu wa kwao. Haya. Basi tuache kulalamika magazeti ya Ulaya yanapoandika "wapagazi wawili" na kupita. Aprili 18, 2014 barafu iliporomoka Everest ikaua Wanepali 16 waliokuwa wakitengeneza njia ya wateja. Serikali yao ikatangaza rupia 40,000 kwa kila familia, kama dola 400 hivi. Wenzao walikasirika wakagoma, msimu ukaishia hapo. Ukimtoa Tenzing Norgay, wewe msomaji unamjua Sherpa gani kwa jina?

Na hapa ndipo inaponiuma zaidi. Hans Meyer, yule Mjerumani tuliyemkariri darasani, alishindwa Kilimanjaro mwaka 1887 akageuzwa na barafu. Mwaka 1888 akanaswa katika vita vya Abushiri, akatoka kwa kulipa fidia. Kileleni alifika Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Wakati wao wawili wakihangaika na barafu ya Kibo, kambi yao ya juu ilikuwa na mtu mmoja wa Pangani aliyebaki kwenye baridi ile akiwapikia na kulinda vitu. Tunajuaje? Meyer mwenyewe alimtaja kitabuni. Muini Amani.

Meyer hakuwa rafiki yetu. Alikuja na bendera, akakipa kilele jina la mfalme wake. Hata huyo alipata nafasi ya kuandika jina la mpishi. Mimi, mjukuu wa wapagazi, mwenye shahada na kompyuta, nilishindwa kwa ajili ya kuokoa maneno mawili.

Jumatatu nilimwomba mhariri tuchapishe marekebisho. Akaisoma habari mara mbili, akasema hakuna kilichokosewa.