Tukitibu Chumba Kabla ya Kununua Redio Kubwa

Umezuka mtindo katika nyumba zetu za kambini ambao sisi hatuuafiki. Askari hujinyima miezi kadhaa, akanunua redio yenye spika kubwa, akaiweka pembeni mwa chumba cha saruji chenye paa la bati na sakafu tupu. Jioni taarifa ya habari isomwapo, maneno hugongana ukutani, naye huongeza sauti. Kadiri aongezavyo ndivyo maneno yazidivyo kumpotea. Jirani aliyetoka lindo hapati usingizi, na asubuhi kambi nzima hujaa habari nusunusu: huyu asema tarehe kumi na tatu, yule ashikilia kumi na tano.

Kosa si la redio. Kosa ni la chumba.

Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Ikutanapo na saruji au bati, sehemu kubwa hurudi, ikagonga ukuta wa pili, ikarudi tena. Neno la kwanza halijafa, la pili limekwisha kulifuata. Kuongeza sauti hakufai kitu, kwani mwangwi nao huongezeka sawasawa.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimtaka mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, atengeneze ukumbi ambamo wanafunzi hawakuweza kumwelewa mwalimu wao. Aligundua kuwa neno moja lilidumu humo kwa sekunde 5.5 hivi. Usiku, wakati wa utulivu, yeye na wasaidizi wake walihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakapima kwa saa. Kila mito ilipozidi, mwangwi ulipungua. Elimu hiyo ilitumika kujenga ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 na kusifiwa hadi leo.

Askari naye anayo mito yake. Atandike mkeka mnene au zulia sakafuni. Atundike blanketi zito lenye mikunjo, liachane kidogo na ukuta unaoelekea redio. Redio aiondoe pembeni, aiinue ifikie kimo cha masikio yake akiwa ameketi. Kisha apige kofi moja: likilia na kukatika, chumba kimepona. Mvumo mzito wa ngoma hauzuiwi na kitambaa chepesi. Godoro nene lililosimamishwa pembeni husaidia zaidi. Trei za mayai zibandikwazo ukutani hazifanyi kazi kubwa, nazo hushika moto upesi.

Wala tusidanganyane: blanketi haliizuii sauti isimfikie jirani. Faida yake ni kwamba maneno husikika wazi, na mwenye redio hana tena sababu ya kuipandisha.

Wapo watakaosema hii ni anasa. Sisi twajibu kwamba askari huishi kwa sikio lake. Aliyezoea kusikia nusu nyumbani atasikia nusu kazini, na nusu iliyobaki ataijaza kwa kubuni. Huo ndio uvumi. Kwa hiyo hapana budi makamanda nao wayatazame mabwalo ambamo amri husomwa, wayape mapazia mazito, kwani amri isiyosikika vema haiwezi kutekelezwa vema.