Studio Nyumbani Isiwe Kifungo cha Msanii

Kuna sentensi moja nimeisikia mpaka imenichosha: "Sasa si una studio nyumbani, safari za nini tena?" Wanaisema waume, wanaisema mama wakwe, wanaisema wanunuzi wa picha, na siku hizi hata wasanii wenyewe wanaisema. Ukiisikiliza haraka haraka utadhani ni busara. Mtu amejinyima, amejenga chumba uani, ameezeka bati, amevuta umeme, amepanga rangi zake kwenye rafu. Basi si akae humo achore?

Mimi napinga.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na studio ya nyumbani. Kwa Dar es Salaam hii yenye kodi ya kukata pumzi na foleni za saa mbili, chumba chako mwenyewe ni ukombozi. Unaacha picha mbichi usiku, asubuhi unaikuta palepale. Hakuna mwenye nyumba wa kukugongea, hakuna nauli ya kwenda kazini. Rafiki yangu mmoja, mchoraji wa Tabata na mama wa watoto wawili, alipomaliza chumba chake alilala humo siku ya kwanza kwa furaha tu.

Lakini angalieni kilichofuata. Kabla ya chumba, alikuwa anatoka. Alikuwa na siku zake za kwenda makumbusho, na mara moja moja akipanda basi kwenda kuona maonyesho mji mwingine. Baada ya chumba, kila akitaka kutoka anaulizwa sababu. Na akiwa ndani, hahesabiwi kuwa yuko kazini: gesi ikiisha anaitwa yeye, mtoto akirudishwa shule anaitwa yeye, mgeni akifika ni yeye wa kuchemsha chai. Akibaki anaambiwa yupo tu nyumbani. Akitoka anaambiwa anazurura. Mchoraji wa kiume akisafiri tunasema anatafuta maisha. Tuache unafiki.

Hapo ndipo mtu ananijibu: "Lakini picha zote zimo kwenye simu, jamani." Kweli zimo. Ila kwenye simu picha zote zina ukubwa mmoja, ukubwa wa kiganja. Huoni rangi ilivyorundikwa, huoni mahali mchoraji alipokosea akafunika, huwezi kuzunguka chungu ukaona mgongo wake. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi, anachora juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda. Kitambaa kile kina mishono na matundu yake, na picha inayapokea kama yalivyo. Tundu hilo kwenye bando lako la siku ni doa tu.

Mfano wangu mkubwa ni Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye studio yake iko Uingereza. Miaka ya sabini alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa akina mama wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, namna ya kupandisha chungu kwa mkono bila gurudumu. Akaenda New Mexico, Marekani, kwa wafinyanzi wa San Ildefonso, wanaosugua udongo mpaka ung'ae na kuuchoma uwe mweusi. Amekuwa pia mtu wa kukaa makumbusho kutazama vyombo vya watu wa kale. Kisha anarudi studio, anajifungia. Chungu chake kinasuguliwa kwa subira, kinachomwa, na akitaka weusi anakichoma tena kwa moto wenye hewa haba. Vinavyotoka kwa mwaka ni vichache. Sasa niambieni, katika kazi hiyo safari ni ipi na studio ni ipi? Mikono inafanya kazi chumbani, lakini ilichokijua ilikijua njiani.

Najua jina litakalotajwa hapa: Edward Saidi Tingatinga. Eti yeye hakusomea wala hakuzunguka makumbusho ya Ulaya, na bado mtindo wake unajulikana duniani. Sawa. Ila Tingatinga alitoka Tunduru, akapita mashamba ya mkonge Tanga, akafika Dar, na alipoanza kuchora kwenye mbao laini kwa rangi ya baiskeli mwishoni mwa miaka ya sitini, alichora Oysterbay nje, watu wakipita, vijana wake wakiwa pembeni wanatazama. Huyo ndiye mnamtumia kumfungia mtu uani?

Hoja ninayoiheshimu ni moja tu, ya hela na viza. Sam Ntiro, mtoto wa Machame, mwaka 1956 alichora watu wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikachukuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Leo kijana wa Machame anayetaka kuiona kwa macho yake lazima kwanza apate viza ya Marekani. Mwaka 2021, Armitage alipofanya maonyesho Royal Academy, London, aliweka pia kazi za wazee wetu: Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau, Sane Wadu. Wa London waliwaona pamoja. Sisi tuliona picha za picha. Hilo ni jambo la kukasirikia, na hasira hiyo tuwapelekee wenye sera na bajeti. Kumwambia mchoraji akae nyumbani hakumrudishii Ntiro hata inchi moja.

Na si kila safari inataka ndege. Nairobi, Mtanzania anaingia bila viza, kwa basi. Pale kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, na kuna NCAI, taasisi aliyoianzisha Armitage huyohuyo. Hapahapa Dar kuna Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, na kuna Kijiji cha Makumbusho, ambako unaweza kuingia ndani ya nyumba ya msonge ukasimama gizani ukanusa nyasi. Wangapi kati ya wanaochora misonge ya kuuzia watalii wamewahi kusimama humo tangu safari ya shule ya msingi?

Sisi wa vitabu tunalielewa hili upesi. Mwandishi mwenye meza nzuri asiyesoma vya wenzake tunamcheka. Mchoraji asiyetazama tunampongeza kwa bidii.

Kwa hiyo, unayejenga studio, ukipiga hesabu ya mabati na rangi, piga na ya nauli. Iandike kwenye daftari lilelile, isiwe ya kuombea ruhusa. Nanyi wanunuzi, acheni kuuliza "mwezi huu umetoa ngapi?" Ulizeni ameona nini. Na wewe mume wa Tabata, Jumamosi hii chai chemsha mwenyewe. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, na huyu mwenzio wala haendi bure. Anakwenda kazini.